Kutoka duka la vyakula hadi BBC: uzi wa Paul Daniels, kwa wanaodhani mazingaombwe ni uchawi

Vikombe Vitatu (Moshi)

Wakuu, salaam kutoka Moshi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na kazi kwenye sendofu moja maeneo ya Shanty Town. Mshereheshaji alinipa dakika kumi na tano kati ya keki na chakula. Nikamaliza, makofi na vigelegele vikapigwa, nikaanza kukusanya vifaa vyangu. Shangazi mmoja wa bibi harusi akanifuata hadi nyuma ya spika. Nikamwamkia. Hakuitikia. Akanishika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kama mtu anayetafuta mwiba. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, haya mambo umeyatoa wapi? Umeokoka lakini?"

Nikamwambia, "Mama, nimeyatoa kwenye mazoezi. Mwaka wa kumi na nne sasa." Akaniachia mkono, akaondoka bila kusema kitu.

Swali lake nimekaa nalo wiki nzima. Mimi naishi kwa mazingaombwe: harusi, sendofu, kipaimara, watoto wa shule, mara moja moja hoteli za watalii Arusha. Swali hilo naulizwa kila mahali, na dakika mbili nyuma ya spika hazitoshi kulijibu. Kwa hiyo naandika uzi. Nitawaelezea maisha ya mtu mmoja tu, Mwingereza aliyeitwa Paul Daniels, kwa sababu ukiyafuata maisha yake hatua kwa hatua utaona hii kazi inavyojengwa, na hutakuta mahali popote palipohitaji jini.

Nianze na nilivyomjua.

Nikiwa darasa la tatu, katikati ya miaka ya tisini, mtu wa mazingaombwe alikuja shuleni kwetu. Nadhani wengi humu mna kumbukumbu kama hii. Kiingilio shilingi hamsini, madawati yanasogezwa ukutani, mnakaa chini mmebanana. Akatoa yai mdomoni. Akachana gazeti, akalikunja, likawa noti. Akapitisha kamba shingoni mwa mwenzetu mmoja, akaivuta, ikatoka na shingo ikabaki nzima. Tukatoka tunapiga kelele hadi barabarani. Njiani mkubwa mmoja wa darasa la sita akatuuliza kama yule anaweza kutengeneza noti kwa gazeti, hamsini zetu alikuwa anazitaka za nini? Wenzangu wakacheka. Mimi swali lile likaniingia. Kama noti zile hazikutengenezwa, basi kuna kitu alikifanya kwa mikono yake mbele ya macho mia tatu na hakuna jicho hata moja lililokiona. Nilitaka kujua mtu anafikaje pale.

Jibu nilianza kulipata miaka mingi baadaye, kwenye kafe ya intaneti karibu na stendi ya Moshi. Saa moja shilingi elfu moja, na nusu ya hiyo saa unasubiri video ijae. Nikamkuta mzee mfupi aliyevaa suti, ana kikombe kimoja na kipira kimoja mezani. Anaongea tu. Anamchokoza mtazamaji, anajibu, anacheka, kipira kinaingia mfukoni, kinaonekana chini ya kikombe, kinarudi mfukoni. Mwishoni anainua kikombe na chini yake kuna mpira mkubwa ambao huwezi kuelewa uliingia saa ngapi. Niliirudia video ile hadi pesa ikaisha. Kesho yake nikarudi na daftari.

Huyo ndiye Paul Daniels.

---

Vikombe Vitatu (Moshi)

Naendelea.

Jina lake la kuzaliwa ni Newton Edward Daniels, wenzake wakimwita Ted. Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1938, South Bank, Middlesbrough, kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Baba yake alikuwa mwonyeshaji wa filamu katika jumba la sinema. Hii familia haikuwa na mganga wala mchawi. Akiwa na miaka 11 alikuta kitabu cha zamani chenye michezo ya mazingaombwe, akakisoma, na tangu hapo hakuacha.

Angalieni yaliyofuata, maana sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko televisheni yenyewe. Alimaliza shule akawa karani mdogo kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Akaitwa jeshini kwa mujibu wa sheria, akapelekwa Hong Kong. Akarudi, akaoa, akaanza biashara ya kuuza vyakula, kuna wakati akizungusha bidhaa kwa gari mtaa kwa mtaa. Mchana dukani, usiku kwenye vilabu vya wafanyakazi. Vilabu vile, wakuu, vilikuwa na watu waliotoka kiwandani wamechoka, wana bia mkononi, wanasubiri bahati nasibu itangazwe. Usipowashika katika dakika mbili za kwanza wanakugeuzia migongo. Kwa walioshika kipaza sauti kwenye sherehe ya Kichaga saa tano usiku, chakula kimechelewa na mbege imeshakolea, mnaelewa nasema nini.

Klabuni ndiko alikopatia ule msemo wake. Ilikuwa Bradford, mwaka 1969, mtu mmoja anampigia kelele toka chini. Daniels akamjibu kwamba suti ya mtu huyo anaipenda, si sana, lakini anaipenda. Ukumbi ukacheka, mpiga kelele akanyamaza. Msemo ukabaki naye hadi mwisho: "Mtaipenda hii. Si sana, lakini mtaipenda." Uingereza nzima ikawa inausema.

Mwaka huohuo 1969 akaachana na duka, akaamua kula kwa mazingaombwe peke yake. Alikuwa na miaka 31. Mwaka 1970 akaingia kwenye shindano la vipaji la televisheni, *Opportunity Knocks*, akawa wa pili. Miaka kadhaa tena ya vilabu na vipindi vya watu wengine. BBC ilimpa kipindi chake, *The Paul Daniels Magic Show*, mwaka 1979. Hesabuni wenyewe: toka kile kitabu hadi kipindi ni miaka thelathini.

Kipindi kikadumu hadi 1994. Mwaka 1985 kikashinda Waridi la Dhahabu, tuzo kubwa ya televisheni iliyokuwa ikitolewa Montreux, Uswisi. Mwaka 1988 akamuoa msaidizi wake wa jukwaani, Debbie McGee, ambaye alikuwa amesomea balei. Huyu mama asidharauliwe. Anayelala kwenye sanduku ndiye anayefanya nusu ya kazi, na mara nyingi zaidi ya nusu, huku akitabasamu.

Jambo moja linaniuma kidogo. 1994 ndio mwaka televisheni za kwanza zilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Sisi tunawasha, yeye anazimwa.

---

Kibosho Juu

Mkuu nimesoma yote, unaandika vizuri. Ila usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hao Wazungu nao wana nguvu zao za giza. Mtu akatwe katikati kisha ainuke? Tusihalalishe ushirikina kwa sababu umevaa suti.

---

Mama Nai (Arusha)

Mimi namuunga mkono mleta mada. Mwanangu alifanyiwa onyesho kwenye birthday ya rafiki yake Njiro, sasa anashinda na sarafu mkononi na hisabati zimepanda kidogo. Swali langu ni lingine: hizo za kwenye TV si wanakata tu picha? Kamera inazimwa, kitu kinaondolewa, inawashwa.

---

Vikombe Vitatu (Moshi)

Kibosho Juu, asante kwa kusema wazi. Nakujibu kwa heshima.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimwomba Jean-Eugène Robert-Houdin, mtengeneza saa aliyekuja kuwa mfalme wa mazingaombwe Paris, aende Algeria. Ufaransa ilikuwa inaitawala nchi ile kwa nguvu, na masheikh waliokuwa wakiheshimiwa kwa karama zao walikuwa na ushawishi mkubwa kwa watu. Robert-Houdin akapeleka kisanduku kidogo. Mtoto anakiinua. Akaitwa mwanamume mwenye misuli akaambiwa nguvu zake zitaondolewa, akavuta hadi akatoka jasho, kisanduku hakikubanduka. Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Wakati ule umeme watu wachache sana walikuwa wanaujua, hata huko Ulaya.

Hadithi hiyo mimi huisoma kwa hasira. Babu zetu wa bara hili walitishwa kwa sumaku. Kilichowatisha ni kutojua. Na leo kuna watu mitaani kwetu wanafanya michezo ileile ninayoifanya mimi, msumari kutoka tumboni, karatasi inayowaka yenyewe, kisha wanasema ni nguvu, na mgonjwa anauza ng'ombe. Mimi nikipanda jukwaani naanza kwa kusema: "Ndugu zangu, nitawadanganya kwa dakika kumi na tano." Nikishasema hivyo nimeshawaaga wachawi.

Paul Daniels alikuwa hivyohivyo. Hakuamini mambo ya mizimu na alisema hadharani. Alikuwa na sehemu ya kipindi ambapo anakaa kama tapeli wa mtaani na kuonyesha michezo ya karata wanayotumia kuwaliza watu. Waliowahi kuachwa bila nauli na vijana wa karata tatu pale stendi wangeifurahia sana sehemu ile. Hutashinda, kwa sababu karata unayoifuata kwa macho iliondoka kabla hujaanza kuifuata, na yule anayeshinda pembeni yako ni mwenzao.

Mama Nai, swali lako ni zuri na ndilo lililowasumbua watu wa televisheni toka mwanzo. Mtu akiwa ukumbini anaona kwa macho yake. Akiwa nyumbani anaona kile kamera inachotaka aone, na akishashuku kamera, mchezo umekufa. Marekani, Mark Wilson alipoanza kipindi chake cha kila wiki mwaka 1960 alijiwekea masharti: kuwe na watazamaji mbele yake, na kamera isihamishwe mchezo unapofanyika. Daniels naye alifanyia kazi yake mbele ya watu waliojaa studio. Unawasikia wanavyoshtuka. Wale ndio mashahidi wako wewe uliye kwenye kochi.

Ila matangazo ya moja kwa moja yana moto wake. Mchawi mkubwa wa jukwaani wa India, P. C. Sorcar (naandika mchawi kwa mazoea ya lugha, mnisamehe), alialikwa BBC tarehe 9 Aprili 1956, kipindi cha *Panorama*. Akamlaza msichana wa miaka 17 mezani, akamkata kwa msumeno wa duara. Alipomaliza akamwita, akampapasa mkono, msichana kimya. Akafunika uso wake kwa kitambaa cheusi. Mtangazaji akasimama mbele ya kamera, akawaaga watazamaji, kipindi kikaisha hapo. Simu za BBC zikafurika, watu wakiamini wameona mauaji. Msichana alikuwa mzima. Muda wa matangazo ndio uliokuwa umekwisha, na Sorcar hakuwa mtu wa kushangazwa na saa. Maonyesho yake ya London yakajaa.

Daniels aliijua njia hiyo. Tarehe 31 Oktoba 1987 alifanya kipindi cha moja kwa moja. Akafungwa ndani ya sanduku la chuma lenye miiba mlangoni, atoke kabla mlango haujajifunga. Mlango ukajifunga. Kimya. Majina ya wahusika yakapita bila muziki, kipindi kikakatika. Simu zikafurika tena. Baadaye ndipo wakaambiwa yuko salama. Mimi nimeitazama ile mara nyingi na bado tumbo linanikaza. Sina hakika kama ningefanya hivyo kwa watu wangu, hasa wenye watoto sebuleni. Hapo natofautiana naye.

---

Chalii wa Sakina

Mwanangu Vikombe, hayo ya Ulaya fresh. Sasa tuambie ya hapa. Inalipa? Na ulishawahi kupata kashikashi?

---

Vikombe Vitatu (Moshi)

Chalii, inalipa kwa msimu. Desemba Wachaga wamerudi nyumbani, nafanya kazi hadi mbili kwa siku. Machi na Aprili mvua zikishuka, nakaa. Hapo ndipo nashukuru kuwa na kibanda cha kutengeneza simu. Daniels alikuwa na duka, mimi nina bisibisi.

Kashikashi, ndiyo. Nitaisimulia moja, mahali sitapataja. Nilikubaliwa kufanya onyesho kwenye shule moja ya msingi Arusha. Watoto kama mia nne, kiingilio kidogo, nusu inabaki shuleni. Mchezo wa mwisho naazima noti kwa mwalimu, inapotea, inapatikana ndani ya limau. Watoto wakalipuka. Saa moja baadaye, nikiwa nafunga mabegi, mama anayeuza vitafunwa getini akaja analia kwamba hela yake ya mauzo haipo. Elfu kumi na mbili. Basi neno likaanza, chuma ulete. Wazazi wawili watatu wakajaa. Mwalimu aliyenikaribisha akageuka, akasema yeye hanijui. Nikamwaga begi lote chini, vikombe, kamba, karata, limau lililokatwa. Nikageuza mifuko ya koti nje. Kijana mmoja akawa anakipiga teke kikombe changu akiogopa kukigusa kwa mkono.

Hela ilipatikana. Mama aliifunga kwenye pindo la khanga ya ndani, akasahau. Hakuna aliyeniomba radhi na nusu yangu ya kiingilio sikupewa. Nilipanda basi kurudi Moshi, nikafika bila kuongea na mtu. Wiki tatu sikushika karata.

Nilirudi kazini kwa sababu ya kitu kidogo. Nilimkuta mtoto wa jirani, ana miaka tisa, anafanyia wenzake mchezo wa sarafu niliomwonyesha, na anaukosea. Anafunga kiganja mapema. Nikajikuta namrekebisha.

---

Mzee wa Mbuyuni

Kijana pole. Mimi ni mtu wa zamani, nimeona wengi wa hao wakipita mashuleni tangu Mwalimu yuko madarakani. Wengi waliishia vibaya, pombe, au wakageuka waganga kwa sababu uganga unalipa zaidi. Hebu tueleze, vile vikombe unavifanyaje? Usitoe siri, tueleze tu kazi yake.

---

Vikombe Vitatu (Moshi)

Shikamoo mzee. Umegusa penyewe.

Nina vikombe vitatu vya bati, vile vya bluu vya chai, na vipira vitatu vya sufu nyekundu alivyonifumia dada yangu. Meza ndogo, kitambaa cheusi. Naweka kipira juu ya kikombe, nafunika na kikombe kingine, nagonga, kipira kimepita. Vinasafiri hivyo, kimoja hapa, viwili kule, vyote vitatu kwenye kimoja. Watu wanaanza kuchungulia chini ya meza. Mwisho nauliza, "Kipira kiko wapi?" Wanaonyesha. Nainua: limau. Nainua cha pili: kiazi. Cha tatu: parachichi, la kwetu hapa, limejaa kikombe hadi halidondoki, nalitikisa ndipo linatoka.

Mikono ni theluthi ya kazi. Iliyobaki ni kujua mtu anatazama wapi. Nikitazama mkono wangu, nawe utautazama. Nikikutazama usoni nikakuuliza, "Bibi harusi ni mpwa wako au binamu?", utanitazama usoni, kwa sababu umelelewa hivyo, ukiulizwa jambo unamtazama anayekuuliza. Ile nusu sekunde ndiyo parachichi linaingia. Ndiyo maana Daniels alikuwa haachi kuongea! Miezi mingi nilidhani maneno yake ni mapambo ya kuchekesha. Nikaanza kuandika kwenye daftari kila anaposema utani na mkono uko wapi wakati huo. Maneno ndiyo yalikuwa pazia.

Na hakuwa peke yake. Nyuma yake kulikuwa na washauri waliobuni michezo na vifaa, mmojawapo akiitwa Ali Bongo. Jina hilo lilinirusha kwenye kiti nikidhani ni Mtanzania. Alikuwa Mwingereza aliyezaliwa India, jina lake halisi William Wallace. Aliwahi kuvaa kilemba na viatu vyenye ncha jukwaani, lakini heshima yake kubwa kwa wenzake ilikuwa akili ya kutengeneza. Alifariki mwaka 2009 akiwa rais wa Magic Circle, chama cha London kilichoanzishwa 1905. Sisi kaskazini hatuna hata watu watano wa kukaa meza moja kusema "mchezo wako una kasoro hapa". Hilo linaniumiza kuliko ile elfu kadhaa ya kiingilio.

Baada ya BBC kumaliza kipindi chake Daniels hakukaa nyumbani kulia. Alirudi kwenye kumbi ndogo, mji kwa mji, na Debbie wake. Mwanzoni mwa 2012, akiwa na miaka 73, alikuwa kwenye banda lake la kazi nyumbani, msumeno wa umeme ukamkata vidole vya mkono wa kushoto. Akaendesha gari mwenyewe hadi hospitali. Nilipoisoma habari ile nilijitazama mikono yangu usiku mzima. Vidole vikashonwa, akarudi jukwaani. Februari 2016 ikatangazwa kwamba ana uvimbe kwenye ubongo usiotibika. Alifariki tarehe 17 Machi 2016, miaka 77.

Siku ile nilikuwa na kazi ya kipaimara mtaa wa Pasua, hapa Moshi. Nilifanya kikombe kimoja na kipira kimoja, kama yeye, na nikasema msemo wake kwa Kiswahili. Hakuna aliyejua nimemtaja nani.

---

Mama Nai (Arusha)

Nimesoma hadi nimetokwa machozi. Mwanangu ana miaka kumi na moja, umri uleule wa Daniels alipokuta kile kitabu. Nimlete?

---

Kibosho Juu

Bado sijakubali yote. Lakini hiyo ya msumari wa tumboni nataka kuiona, maana dada yangu alilipa laki mbili kwa hiyo.

---

Vikombe Vitatu (Moshi)

Kibosho Juu, njoo na dada yako. Nitaufanya mbele yake taratibu, na huo peke yake nitautoa siri yote.

Mama Nai, mlete Jumamosi saa nne asubuhi, kibandani kwangu karibu na stendi ya Moshi, namba ya simu nitakutumia inbox. Aje na vikombe vitatu vinavyofanana, vya bati au plastiki nzito, visivyopitisha mwanga. Vipira nitampa mimi. Na akate kucha.